Kibanja Hakisomeki Ubalozini: Mstaafu wa Karagwe na Kyerwa na Masharti ya Fedha ya Kuishi Ugenini

Mwalimu mstaafu mwenye ekari nne za kahawa na migomba pale Bugene, nyumba ya matofali ya kuchoma, ng'ombe sita na pensheni inayoingia kila mwezi, kwa macho ya majirani ni mtu anayejiweza. Akiomba kibali cha kuishi nchi nyingine, ofisa anayepitia faili lake huona kitu kimoja tu: pensheni. Kibanja, nyumba na ng'ombe havimo, kwa sababu hakuna karatasi inayovitaja, au karatasi ipo lakini haisemi vinaingiza shilingi ngapi. Hapo ndipo faili la mzee wa kijijini linapolegea, hata kama mwenyewe hajawahi kulala na njaa wala kukopa ada ya mtoto.

Makala haya ni kwa wastaafu wa wilaya hizi mbili, na kwa watoto wao walioko Nairobi, Toronto, London au Minneapolis wanaowaza kuwachukua wazazi. Mfanyabiashara wa Kayanga au Omurushaka mwenye leseni, namba ya mlipakodi na akaunti inayoingiza na kutoa kila siku atapata humu machache ya kujifunza. Ninayemfikiria ni yule ambaye mali yake imesimama shambani.

Wanachopima

Nchi zinazopokea wastaafu huuliza mambo yanayofanana: unapata kiasi gani kwa mwaka, fedha zinatoka wapi, na je, zitaendelea kuja ukiwa hufanyi kazi? Swali la tatu ndilo zito. Milioni 50 zilizolala benki leo zinaweza kwisha kwa ugonjwa mmoja. Pensheni inamfuata mtu hadi kaburini. Ndiyo maana kanuni nyingi huzungumzia kipato cha uhakika kwanza, na akiba baadaye.

Tuanze na jirani. Kenya ina kibali cha ukaazi cha daraja K, kilichowekwa na kanuni za mwaka 2012 chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Kinatolewa kwa mtu asiyepungua miaka 35, mwenye kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka, naye anaahidi kutofanya kazi ya kulipwa. Kipato hicho kinaweza kutoka nje na kuingizwa Kenya, kikatokana na mali iliyoko Kenya, au kikawa pensheni inayolipwa humo humo. Kwa mzungu aliyestaafu na kujenga Malindi au Nanyuki, sharti hilo ni jepesi. Sasa tulilete Karagwe.

Chukua mwalimu aliyetumikia miezi 420, yaani miaka 35, na wastani wa mishahara yake bora uliotumika kupiga hesabu ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Kikokotoo kilichoanza Julai 2022 hugawa kwa 580. Unachukua miezi 420, unagawa kwa 580, unazidisha kwa mshahara wa mwaka, ambao ni milioni 14.4. Unapata kama milioni 10.4: hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Kwa aliyeangukia kundi la asilimia 40, kiwango kilichotangazwa kwenye bajeti ya 2024/25, asilimia hiyo huzidishwa kwa 12.5 ikawa mkupuo wa takriban milioni 52. Asilimia 60 iliyobaki hugawanywa kwa miezi 12, na mwalimu wetu anaondoka na kama shilingi 521,000 kwa mwezi.

Dola 24,000, tukikadiria dola moja kuwa shilingi 2,500, ni milioni 60 kwa mwaka, au milioni 5 kwa mwezi. Pensheni ya mwalimu ni kama sehemu moja ya kumi ya hapo. Je, kahawa itaziba pengo? Hata kilo ya kahawa ya maganda ikilipwa shilingi 4,000, atahitaji kuuza zaidi ya tani 13 kila mwaka, kabla hajamlipa mchumaji wala kununua mbolea. Ekari nne hazitoi hivyo. Kwa hiyo mstaafu wa kawaida wa Karagwe hana haja ya kutumia fedha kuomba daraja K. Asikubali mtu amwambie kwamba kuna namna ya kulipenyeza faili lake.

Milioni 52 za mkupuo nazo zisimdanganye. Ofisa akiziona kwenye akaunti atauliza zitadumu miaka mingapi kwa matumizi ya Nairobi, na jibu linajulikana.

Jumuiya haijafuta sharti hili

Kyerwa ni wilaya ya mto na mpaka. Mtu wa Murongo akivuka Kagera yuko Kikagati, Uganda; upande mwingine ng'ambo ya mto ni Rwanda. Wapo waliooa na kuolewa kote kote kwa vizazi. Kwa hiyo kuna dhana kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshafungua milango, na mzee anaweza kuhamia kwa binti yake Mbarara akakaa hadi siku zake ziishe.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ilifungua mlango, lakini soma imemfungulia nani. Raia wa nchi mwanachama anaingia bila viza na huweza kupewa hadi miezi sita ya matembezi. Haki ya ukaazi, ambayo imo kwenye ibara ya 14, imetolewa kwa aliyeingia kama mfanyakazi au kama mtu anayejiajiri, pamoja na mwenza wake, mtoto wake na mtegemezi wake. Mstaafu anayetaka tu kupumzika hakutajwa. Ukaazi wa kudumu umeachwa kwenye sheria za kila nchi, na ardhi vilevile.

Neno la kushika hapo ni mtegemezi. Mtoto wako akiwa ameajiriwa kihalali Kampala, Kigali au Nairobi na ana kibali, anaweza kuomba uingizwe kama mtegemezi wake. Nani anahesabika kuwa mtegemezi huamuliwa na sheria ya nchi ile, na mzazi anaweza kukubalika akionyesha kwamba kweli anaishi kwa mkono wa mtoto. Hapa faili linageuka: badala ya wewe kuthibitisha utajiri, mtoto anathibitisha mshahara wake, na pamoja mnathibitisha kwamba amekuwa akikutunza. Fedha anazotuma kwa simu kila mwezi ndizo ushahidi. Ombeni taarifa ya miamala ya mwaka mzima kutoka kampuni ya simu, yenye majina yote mawili. Mtoto anayetuma fedha kwa jina la bodaboda wa kijijini ili zimfikie mama haraka anamsaidia mama leo na kumharibia faili kesho.

Na msisahau pasipoti. Kenya, Uganda na Rwanda wamekubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika mpango huo. Kadi ya NIDA peke yake haikupi ukaazi wala muhuri wa kuingilia.

Kwa watoto wa ng'ambo

Huko mbali, nchi tatu zinaulizwa sana na familia zetu, na kila moja inahesabu fedha kwa namna yake.

Marekani hudai mdhamini. Mtoto lazima awe raia wa Marekani mwenye umri wa miaka 21 au zaidi. Mwenye kadi ya kijani tu hawezi kumwombea mzazi ukaazi. Mtoto hujaza fomu I-864, ambayo ni mkataba wa kisheria kwamba mzazi hatakuwa mzigo wa serikali, na huonyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa kila mwaka. Hesabu hutegemea idadi ya watu wa nyumba. Kwa viwango vya 2025, mtoto mwenye mke na watoto wawili, akimchukua mama, nyumba inakuwa ya watu watano: kiwango ni dola 37,650, na asilimia 125 yake ni dola 47,062 na senti. Akiwachukua baba na mama, wanakuwa sita na asilimia 125 hiyo inapanda hadi dola 53,937.

Kipato kikipungua, mali inaweza kuziba, lakini kwa mzazi mali lazima iwe mara tano ya pengo. Pengo la dola 5,000 linahitaji mali ya dola 25,000. Na hapa, tofauti na Kenya, kibanja cha Nkwenda kinaweza kuingia kwenye hesabu, kwa sababu mali ya mhamiaji mwenyewe inakubaliwa kama inaweza kugeuzwa fedha ndani ya mwaka mmoja bila kumwumiza. Maana yake unahitaji hati, unahitaji ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, na unatakiwa kuonyesha kwamba kinauzika. Kibanja cha ukoo, chenye makaburi ya babu na ndugu wanaopaswa kuulizwa, hakiuziki hivyo, na sioni sababu ya kuapa kwamba kinauzika. Ni afadhali kutafuta mdhamini wa pili mwenye uraia au kadi ya kijani, jambo ambalo sheria inaruhusu. Tangu 2025 Marekani imekuwa ikitoa amri za kusimamisha au kubana viza kwa raia wa nchi mbalimbali, kwa hiyo ulizeni ubalozi wa Marekani Dar es Salaam hali ikoje kabla ya kulipa ada yoyote.

Kanada inayo Super Visa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa mzee asiyetaka kuhama moja kwa moja. Humruhusu mzazi au bibi na babu kukaa hadi miaka mitano kwa kila safari ya kuingia, na yenyewe huweza kudumu hadi miaka kumi. Si ukaazi wa kudumu, lakini mzee anapata kurudi kuvuna kahawa yake. Mtoto au mjukuu anayealika lazima awe raia au mkaazi wa kudumu, aonyeshe kipato kinachofikia kiwango cha chini kilichowekwa kwa idadi ya watu wa nyumba, na katika idadi hiyo mhesabu na wageni wenyewe. Zaidi ya hapo kuna bima ya afya ya angalau dola 100,000 za Kanada kwa muda usiopungua mwaka. Bei ya bima hupanda na umri na maradhi, kwa hiyo mzee mwenye kisukari auliziwe bei kwanza kabla ya kuanza kujaza fomu. Familia nyingine huhesabu mshahara wa mtoto kwa makini, kisha bima ikawafilisi.

Uingereza ni kisa cha ajabu. Zamani ilikuwa na kundi la wastaafu wenye kipato chao wenyewe, lililodai pauni 25,000 kwa mwaka na umri wa miaka 60. Likafungwa Novemba 2008. Tangu Julai 2012 mzazi anapita kwenye mlango wa ndugu mtu mzima tegemezi, na mlango huo ni mwembamba kuliko tundu la kufuli. Lazima aonyeshe kwamba kwa uzee, ugonjwa au ulemavu hawezi kujifanyia mambo ya kila siku kama kuoga, kuvaa na kupika, na kwamba huduma hiyo haipatikani nyumbani au haimudiki. Mtoto naye aahidi kumtunza miaka mitano bila msaada wa serikali. Angalia mtego uliopo: fedha za mtoto zinatakiwa ziwe nyingi za kutosha kumtunza mama London, lakini zikiwa nyingi hivyo, ofisa anauliza kwa nini zisimwajiri msaidizi wa kulala naye hapo Kayanga, karibu na hospitali ya Nyakahanga. Mzee mwenye afya njema hana njia hapo. Viza ya matembezi ya miezi sita ipo, ila kuitumia mara kwa mara ili uishi kule kwa mafungu kutaonekana, na itakataliwa.

Kuifanya mali isomeke

Hii ndiyo sehemu ambayo mtu aliyebaki nyumbani anaweza kuifanyia kazi mwenyewe, na inataka muda. Anzeni angalau misimu miwili ya kahawa kabla ya kuomba.

Kahawa yetu ya robusta huvunwa kuanzia kama Mei hadi Oktoba. Mkulima anayepeleka maganda kwenye chama chake cha msingi, na chama kikauza kupitia KDCU, chama kikuu cha ushirika cha Karagwe, anapata stakabadhi ya kilo alizokabidhi na malipo yanayopita benki. Hiyo ni karatasi nzuri mno: ina jina, tarehe, uzito, bei, na chombo kinachotambulika kisheria. Ziwekeni zote, hata za miaka iliyopita, na mwombe katibu wa chama aandike barua inayotaja wewe ni mwanachama tangu lini na umepeleka kilo ngapi kila msimu.

Anayeuza kwa butura hana kitu cha kuonyesha. Kahawa ikiuzwa ingali maua, kwa fedha taslimu, usiku, kwa mtu wa mjini, hasara yake tunaijua kwa bei. Tunaisahau kwa kumbukumbu. Vivyo hivyo magunia yanayovuka mto kwenda Uganda. Mbali na kuwa ni kosa, fedha zinazorudi huwezi kueleza zimetoka wapi, na fedha isiyoelezeka kwenye faili la viza ni mbaya kuliko kutokuwa na fedha.

Halafu kuna umbo la taarifa ya benki. Ofisa aliyezoea watu wa mshahara anataka kuona fedha zikiingia kila mwisho wa mwezi. Taarifa ya mkulima wa Kyerwa inaonyesha pensheni ndogo, kisha Agosti inaingia milioni nane kwa mpigo, kisha ukimya hadi mwaka unaofuata. Kwa asiyejua kahawa, hiyo milioni nane inafanana na fedha za kuazima. Dawa yake ni barua ya maelezo ya ukurasa mmoja: eleza msimu, ambatisha stakabadhi za chama zenye tarehe zinazolingana na za benki, na leta taarifa ya miezi 24 badala ya sita ili mwinuko huo uonekane ukijirudia. Ukishapokea malipo usiyatoe yote siku hiyo hiyo. Yaache, utoe kidogo kidogo kwa matumizi, na akaunti itaonyesha mtu anayeishi kwa kipato chake.

Ndizi na maharage huuzwa shambani kwa fedha taslimu, na sidhani kama kuna haja ya kuhangaika nazo sana. Mwombe mnunuzi wa lori alipe kwa simu, ubaki na taarifa ya miamala. Ng'ombe akiuzwa mnadani tunza kibali na risiti. Nyumba za kupangisha ni jambo jingine; vyumba vinne vya Omurushaka vinavyolipiwa kila mwezi ni kipato cha uhakika kuliko hata kahawa, ila kwa kawaida mikataba ni ya mdomo. Andikeni mikataba, isainiwe mbele ya wakili au serikali ya mtaa, kodi ilipwe benki, na kodi ya zuio ya serikali ilipwe. Risiti ya TRA ni shahidi ambaye hakuna ofisa anayembishia.

Kuhusu ardhi, kijijini karatasi yako ni hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Barua ya mtendaji wa kijiji inasaidia lakini haitoshi yenyewe. Kumbuka kwamba hati huonyesha unamiliki. Haionyeshi unapata nini. Ambatisha hati na mapato ya shamba hilo hilo pamoja.

Kina mama wana tatizo lao. Mke anapalilia, anachuma na kuanika, lakini kitabu cha chama kina jina la mume, akaunti ina jina la mume na kibanja kina jina la mume. Siku mtoto wa Kanada akitaka kumwalika mama peke yake, mama hana karatasi hata moja. Hati ya kimila inaweza kutolewa kwa majina mawili, ombeni hivyo. Na mume akifariki, mjane asikae miaka bila kufungua mirathi kwenye Mahakama ya Mwanzo. Bila barua ya usimamizi, benki haitamruhusu kugusa akaunti ile.

Karatasi zetu nyingi ziko kwa Kiswahili, na balozi hutaka Kiingereza au lugha yao. Tafsiri ifanywe na mtu au taasisi inayotambulika. BAKITA hutoa huduma hiyo na kugonga muhuri. Tafsiri ya mjukuu wa kidato cha sita, hata ikiwa safi, itarudishwa.

Fedha za kuegesha

Kuna madalali wanaouza ushauri wa kuegesha fedha: mtoto au rafiki anaweka milioni 30 kwenye akaunti ya mzee, taarifa inachapwa, na fedha zinarudi kwa mwenyewe wiki hiyo hiyo. Wengine huuza taarifa ya benki ya kughushi. Balozi huipigia simu benki. Adhabu iko wazi: Uingereza inaweza kukataa maombi yako kwa miaka kumi, Kanada hukuzuia miaka mitano, na kwa Marekani udanganyifu wa jambo la msingi unaweza kukufungia mlango maisha yote. Kosa analifanya dalali, lakini aliyesaini fomu ni mzee.

Kama mtoto anataka kweli kumpa mzazi fedha, zipo njia halali. Azitume kwa jina lake, aandike barua kwamba ni zawadi isiyorudishwa, na aonyeshe mshahara ulikotoka. Hapo hakuna cha kuficha.

Kabla ya fedha, uraia

Kwa watu wa Morogoro sehemu hii ingekuwa mistari miwili. Kwetu sivyo. Kwa kuwa tuko mpakani, mwombaji wa pasipoti wa Karagwe au Kyerwa huulizwa kuhusu babu na bibi kuliko mwombaji wa mikoa ya ndani, na tangu Operesheni Kimbunga ya 2013, ya kuwaondoa wahamiaji haramu, wengi wetu tunajua uzito wa kushindwa kujibu. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, iligharimu shilingi 150,000 na hudai cheti cha kuzaliwa cha mwombaji na uthibitisho wa kuzaliwa wa mzazi. Mzee wa miaka 65 aliyezaliwa Kaisho kabla ya uhuru hana cheti. Aanze RITA kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, atumie cheti cha ubatizo au cha shule, na majina yafanane kwenye NIDA, benki, mfuko wa pensheni na kitabu cha chama. Jina likiwa na herufi tofauti sehemu moja, wakili aandike kiapo cha kuthibitisha kwamba ni mtu yule yule. Fanya hivyo mapema. Jina lisilolingana husimamisha hata faili lenye fedha za kutosha.

Anayerudi nyumbani na pasipoti nyingine

Wapo pia watoto wa Karagwe waliochukua uraia wa Marekani au Uingereza, sasa wao wenyewe wanastaafu, nao wanataka kurudi Ihembe. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari hupoteza wa Tanzania. Kisheria anarudi kwao kama mgeni, na kwa miaka mingi alihitaji kibali cha ukaazi cha daraja C, ambacho ndicho chenye wastaafu ndani yake, na hakuweza kumiliki ardhi kama raia. Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi yanayoleta Hadhi Maalum kwa wenye asili ya Tanzania. Anayejiandaa kurudi aulize Uhamiaji Bukoba au ofisi ya wilaya taratibu za hadhi hiyo kabla hajaomba daraja C, na kabla hajanunua kibanja kwa jina la kaka yake. Kwa fedha, yeye yuko upande mzuri wa mizani: pensheni ya Marekani ya dola 1,500 kwa mwezi, ambayo Nairobi isingemfikisha kwenye daraja K, hapa inatosha kuendesha nyumba ya watu wengi.

Ukishaondoka

Kadi ya NHIF ambayo mstaafu na mwenza wake hutibiwa nayo haifanyi kazi nje ya nchi, kwa hiyo bima ya kule si anasa. Pensheni yenyewe huendelea kulipwa kwenye akaunti yako ya Tanzania, mradi ufanye uhakiki. PSSSF husimamisha malipo ya asiyehakikiwa, na mtu aliyeko Winnipeg hawezi kurudi Kayanga kuonyesha uso. Mfuko una programu ya simu, PSSSF Kiganjani, inayomwezesha mstaafu kujihakiki mwenyewe. Jisajili na uijaribu ukiwa bado Karagwe, kwa namba ya simu ambayo utaendelea kuitumia. Laini ya Tanzania isiyotumika hufungwa, na ikifungwa namba ya siri ya kuingilia haitakufikia. Mwachie mtoto mmoja aliyebaki nyumbani laini ya pili, kitabu cha chama na nakala ya kila karatasi uliyopeleka ubalozini, kwa sababu siku ya kuongeza muda wa kibali wataomba zile zile, zikiwa na tarehe mpya.